Greda ya Theluji

Greda ya kwanza ya theluji haikuwa na injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kituo cha kuteleza cha Winter Park, jimbo la Colorado nchini Marekani, meneja mmoja aitwaye Steve Bradley alichoshwa na vichuguu vya theluji vilivyoota kwenye miteremko yake kila wateja walipopita. Akaunda mtambo: mbele wembe wa chuma wa kukata vichwa vya vichuguu, nyuma pipa la kuviringika la kushindilia kilichokatwa. Injini yake ilikuwa mtu. Mtu huyo alivaa skii zake, yaani zile mbao ndefu za kutelezea, akashika mpini, akaelekeza uso bondeni na kushuka, mtambo ukimfuata mgongoni kama mkokoteni uliokatika breki. Waliuita Packer-Grader. Fundi yeyote wa barabara wa hapa kwetu angelielewa jina hilo bila kamusi: kishindilio na greda.

Nililikuta jina hilo maktabani Mlimani nikiwa natafuta jambo lingine kabisa. Tasnifu yangu ya shahada ya uzamili inahusu Kibaha, na Kibaha ndiko nilikokulia. Kwa asiyejua: mwaka 1963 serikali ya Tanganyika pamoja na Denmaki, Ufini, Norwe na Uswidi ilianzisha pale Mradi wa Nordiki, kiasi cha kilomita 40 magharibi ya Dar es Salaam. Palijengwa shule ya sekondari, kituo cha kufundishia wakulima na kituo cha afya, vita ikiwa ni ile ile ya Mwalimu dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini. Tarehe 10 Januari 1970 wafadhili walikabidhi kila kitu kwa Tanzania, na mradi ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi, ambayo nusu ya rika langu mjini tulizaliwa humo, chimbuko lake ni kituo kile cha afya.

Historia hii huandikwa kwa majengo. Fungua taarifa yoyote utakuta madarasa, mabweni, mabanda ya kuku, idadi ya wahitimu. Mimi nimevutiwa na kitu kisichopigwa picha, nacho ni matunzo. Nani alifyeka majani baada ya ufunguzi? Nani alizibua mifereji masika ya mwaka 1971, wageni walipokuwa wamekwisha kwenda zao? Majengo yale yamesimama mpaka leo, na jengo halisimami miaka 60 kwa sababu lilijengwa vizuri tu. Kuna watu waliamka kila siku wakalifanyia kazi, na majina yao hayamo kwenye bamba lolote la ukutani.

Mzee mmoja wa Tumbi, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye bustani za mradi ule, alinisimulia jinsi Mzungu mmoja alivyowaeleza vibarua kwamba kwao, miezi kadhaa ya mwaka, watu huenda shule na kanisani juu ya mbao mbili zilizofungwa miguuni. Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. "Tulijua anatutania," mzee akaniambia. "Tukamjibu na sisi huku kwetu tunapanda fisi." Nilipomwonyesha kwenye simu picha za Vasaloppet, mbio za kilomita 90 ambazo Waswidi wamekuwa wakizikimbia kwa skii tangu mwaka 1922, aliitazama kwa muda mrefu ile halaiki ya watu, kisha akauliza kitu kimoja tu: ile mistari miwili miwili iliyonyooka chini yao, nani kaichora?

Swali hilo ndilo lililonitoa kwenye tasnifu kwa wiki tatu. Msimamizi wangu asome hapa akijua kwamba nimekwisha rudi.

Jibu ni kwamba huchorwa, na huchorwa kila usiku. Mtu anayetazama mchezo wa kuteleza kwenye televisheni hudhani theluji hudondoka kutoka mbinguni ikiwa tayari imelala kama shuka. Haiko hivyo. Watelezaji huisukuma theluji chini ya mlima kwa kila kona wanayokata, na jua na upepo huiharibu kwa namna zao. Watalii wanapoondoka jioni huingia mitambo mikubwa yenye minyororo kama vifaru. Kampuni ya Kijerumani ya Kässbohrer ilianza kuuza ile iitwayo PistenBully mwaka 1969, na leo jina hilo karibu limekuwa jina la mitambo yote, kama Wahindi walivyotuachia bajaji. Mbele ina bledi ya kusukuma, na kazi kubwa ya bledi hiyo ni kuirudisha juu theluji iliyoshushwa mchana. Nyuma ina meno yanayozunguka, yanayosaga, na mwisho kabisa kitu kama chanuo kinachoacha mistari myembamba sawasawa na kitambaa cha kodrai.

Kwenye miteremko ya wataalamu, ile ambayo Wamarekani huiwekea alama ya almasi nyeusi, mlima ni mkali kiasi kwamba mtambo peke yake ungeporomoka. Hapo hufungwa waya wa chuma kwenye nanga juu kabisa, na winchi ikaushikilia mtambo ukipanda na kushuka gizani, waya ukiwa na urefu unaoweza kukaribia kilomita moja. Mteremko hufungwa usiku huo. Waya uliokazwa hauonekani kwenye giza, na wapo watelezaji waliokatisha humo kwa siri baada ya saa za kazi wakafa kwa kuugonga.

Ugumu mkubwa hasa huja mwezi Machi na Aprili. Huko kwao ni majira ya kuchipua, na wapo wafasiri wanaoyaita masika, jambo ambalo zamani nililiona ni uvivu wa kufasiri. Sasa sina hakika kama ni uvivu.

Theluji mpya ni nyota zenye mikono myembamba. Jua la Machi likiipiga mchana, mikono huyeyuka, na usiku baridi ikirudi maji yale huganda upya yakigandisha punje kwa punje. Siku kadhaa za kuyeyuka na kuganda zikipita, nyota zote huwa zimekwisha na kinachobaki ni chembe za mviringo, kubwa kuliko chumvi ya mawe tunayonunua sokoni. Wamarekani huiita theluji ya mahindi. Alfajiri chembe hizo zimeshikana, mteremko ni mgumu kama sakafu, skii haziumi. Saa tatu au saa nne asubuhi, tabaka la juu, sentimita chache tu, hulegea, na hapo watelezaji husema hakuna theluji tamu kuliko hiyo. Kufika saa saba mchana ni uji. Utamu wenyewe hudumu saa moja au mbili, tena haufiki kila mahali kwa wakati mmoja: mteremko unaotazama mashariki hulainika kwanza, wa kusini ukafuata, wa magharibi mwisho. Mtaalamu wa kweli husafiri mlimani kwa kufuata jua.

Mwenye greda naye ana saa yake. Akiingia mapema jioni, theluji ingali uji, mtambo utazama na kila alama atakayoiacha itaganda usiku kuwa makorongo ya barafu. Akichelewa, ganda limekwisha kaza, na meno ya mtambo yatalivunja vipandevipande ambavyo asubuhi vitakuwa mawe. Lazima aingie wakati maji yamekwisha kupungua ila hayajaganda. Kwenye mashindano, theluji ikikataa kabisa kuganda, humwagiwa chumvi. Chumvi huyeyusha juu, uyeyukaji hunyonya joto kutoka chini, na tabaka zima hukaza kwa muda. Ni mkopo, kwa kuwa theluji iliyotiwa chumvi huharibika mapema zaidi baadaye.

Nilimsomea mjomba wangu aya kama hizi. Mjomba ni dereva wa greda. Amefanya kazi kwa wakandarasi mbalimbali Kisarawe na Kibaha kwa zaidi ya miaka ishirini, na barabara anayoijua kuliko kiganja chake ni ile inayotoka Mlandizi kupitia Mzenga mpaka Maneromango, inayounganisha wilaya hizo mbili kwa ndani bila kupita Dar es Salaam.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umekuja na theluji yako?"

Nilikuja nayo. Akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaniambia jambo ambalo sikulikuta kwenye kitabu chochote nilichosoma kuhusu barabara za Pwani. Udongo wa huku, alisema, una siku zake. Ukipitisha greda kiangazi, bledi inakwangua vumbi tu. Chembe laini zinazoshika kokoto zinapeperuka, na baada ya mwezi barabara ina mawimbi kama bati. Ukiipitisha katikati ya masika unazama, na unachokisawazisha kinakuwa plasta ya kuteleza ambayo jua likiikausha inapasuka. Kuna siku chache baada ya mvua kukatika, udongo ukiwa na unyevu lakini hautoi maji ukiufinya kiganjani. Hapo ndipo unainua mgongo wa barabara katikati ili maji yaende kwenye mifereji, unarudisha kifusi kilichosukumwa pembeni na magari, unashindilia, na barabara inashika. "Udongo ukiwa mkavu unauchokoza wewe," alisema. "Ukiwa mbichi unakuchokoza yeye. Lazima umkute katikati."

Tatizo ni kwamba greda haiendi siku ambayo udongo unataka. Inakwenda siku ambayo mkataba umesainiwa na mafuta yamenunuliwa. Mjomba amesawazisha kilomita nyingi sana mwezi Agosti akijua anachokifanya ni kupanga vumbi. Hili ningependa waandishi wa historia ya maendeleo walitie maanani. Tunahesabu kilomita zilizotengenezwa, mara chache tunauliza zilitengenezwa mwezi gani. Ripoti mbili zinaweza kuwa na idadi ile ile ya kilomita, moja ikawa barabara na nyingine ikawa vumbi.

Mama yangu mdogo ameolewa mbele ya Maneromango. Aprili ya mwaka mmoja, uchungu ulimshika usiku, na bodaboda iliyombeba ililala mara mbili kwenye utelezi kabla dereva hajasema basi. Wakatembea. Mtoto alizaliwa chini ya mwembe, mkunga akiwa bibi wa nyumba ya jirani aliyeamshwa kwa kelele. Mtoto ni mzima, yuko darasa la tatu, ana jina zuri la cheti lakini nyumbani anaitwa Njiani. Jina limemkaa na yeye mwenyewe analipenda. Mjomba ndiye asiyelipenda. Kipande kile alikuwa amekipitia yeye, mwezi wa nane uliotangulia.

Lakini turudi kwenye theluji, kwa kuwa theluji ipo Tanzania pia, na historia yake imejaa watu waliokataa kuamini.

Neno lenyewe tulikuwa nalo kitambo. Theluji ni Kiarabu, na lilifika pwani kwa njia ya bahari pamoja na mengine, kwenye miji ambayo hata barafu ya kwenye soda ilikuwa bado karne nyingi mbele. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitoka Mombasa kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya mlima. Kumbuka ilikuwa Mei, masika. Alimuuliza mwongozaji wake ule weupe ni nini, na katika shajara yake akaandika kwamba mtu yule aliuita kwa neno moja: baridi. Napenda jibu hilo. Halikutaja kitu, lilitaja kinachokupata ukikifikia. Habari ilipochapishwa London mwaka 1849, msomi William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga pwani hii, alikataa katakata. Theluji karibu na Ikweta? Alishikilia msimamo wake kwa miaka mingi. Vibarua wa Tumbi waliocheka habari ya mbao za miguuni walikuwa na udhuru zaidi yake, maana wao hawakuandika vitabu kuthibitisha kicheko chao.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889. Mwaka 1912 wakafika Wajerumani wengine wawili, Walter Furtwängler, ndugu yake yule kiongozi wa okestra Wilhelm Furtwängler, na mwenzake Siegfried König. Hawa walikuwa na skii. Kwa hiyo mteremko wa kwanza wa skii katika nchi yetu una umri mkubwa kuliko chama chochote cha mpira tulichonacho. Barafu iliyo karibu na kilele inaitwa Furtwängler mpaka leo.

Nimejaribu kumfikiria mtu aliyezibeba zile mbao. Safari za mlimani za zama zile zilitegemea wapagazi, na jozi ya skii za mti si mzigo wa kuficha ndani ya gunia. Zinagonga matawi msituni, zinakamata upepo kwenye nyika ya juu. Jina la Furtwängler limo kwenye ramani. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa mwongozaji wa Meyer, alisubiri mpaka maadhimisho ya miaka 100 mwaka 1989 ndipo nchi ikamtambua kwa heshima. Mbeba skii hata hilo hakulipata.

Njia ya Kibo, bila shaka, haikusawazishwa na mtu. Wala haikuhitaji kusubiri Machi. Mtaalamu wa mimea wa Kiswidi, Olov Hedberg, aliyeisoma milima ya Afrika Mashariki katikati ya karne iliyopita, alieleza kwamba huko juu kiangazi huja kila mchana na kipupwe kila usiku. Maana yake, kwa mtu wa theluji, ni kwamba Kibo ina majira ya kuchipua kila siku ya Mungu: kuganda usiku, kulegea asubuhi. Tofauti ni hewa. Huko hewa ni kavu mno na jua ni kali mno, kiasi kwamba barafu nyingi haiyeyuki hata kidogo, inageuka mvuke moja kwa moja na kuacha miiba iliyosimama kama visu. Hapo hata PistenBully ingeomba radhi.

Mwaka huo huo wa 1912 ulipatikana mchoro wa ramani ambao wanasayansi wanautumia kama kipimo: barafu ya Kilimanjaro ilikuwa kama kilomita 12 za mraba. Mwaka 2000 zilibaki zaidi kidogo ya 2. Mwaka 2011 zilikuwa chini ya 2. Wataalamu wanabishana ni sehemu gani ya kosa iende kwa joto la dunia na sehemu gani kwa kupungua kwa mvua na unyevu tangu mwishoni mwa karne ya 19, ila kuhusu mwelekeo hakuna ubishi. Barafu ya Furtwängler imekatika vipande. Karne nzima ya kuteleza Tanzania, kama naweza kuiita hivyo, inaanza na kipimo cha kitu kinachoondoka.

Aliyetupeleka kwenye theluji iliyotengenezwa alikuwa jirani yetu. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya wa mbio za kati, hakuwa amewahi kuona theluji alipopelekwa Ufini mwaka 1996 na kampuni ya Nike kujifunza skii. Miaka miwili baadaye, Februari 1998, alikuwa Hakuba nchini Japani kwenye Olimpiki ya Nagano, kilomita 10 kwa mtindo wa kale, ule wa kukaa ndani ya mistari miwili ambayo mzee wa Tumbi aliiulizia. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, theluji ya majimaji iliyochanganyika na mvua, ile ambayo hata mafundi wa nta wa nchi za baridi hushindwa kuamua waipake nini skii. Bjørn Dæhlie wa Norwe alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza kwa dakika 47 na sekunde 25, wa 92, wa mwisho. Waandaaji walitaka kuanza kutoa medali. Dæhlie alikataa kuondoka mpaka Mkenya afike, akamkumbatia mstarini. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Watu huisimulia habari hiyo kama habari ya kumbatio. Ni nzuri, sina neno. Nilimwonyesha mjomba video yake tukiwa kibarazani Kisarawe, mvua zikiwa zimekatika siku tatu nyuma. Aliutazama mwanzo, akaruka katikati, akarudisha mahali Boit anapopanda kilima miguu ikiteleza nyuma, kingo za mistari zimebomoka, maji yanang'aa ndani yake. Akanirudishia simu.

"Hapa walipitisha greda saa ngapi?" akauliza.

Kabla sijajibu simu yake ikaita. Alikuwa bosi wake, mafuta yamepatikana. Mjomba alishuka barazani, akachota udongo pembeni ya barabara, akaufinya, akaufungua mkono na kuutazama.